Kadi ya Kipa

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na za shemeji yako, na za mpwa wako ambaye ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa akikusalimia kwenye simu itabidi usimame mbali. Mama alinikuta natafuta kalamu akaniuliza kama nimeshaandika salamu zake. Nikamwambia sijaanza hata mstari mmoja. Akasema basi nianze na zake. Kwa hiyo hesabu kwamba hizo zake ndizo zilizotangulia, mimi nimefuata nyuma.

U hali gani huko? Kile kifua kimepoa, au bado unakohoa asubuhi? Unakula chakula cha kueleweka? Usinijibu "nipo nipo tu" kama kwenye simu, kwa sababu "nipo nipo" si jibu, ni mlango wa kutokea.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi wakati sote tuna simu. Kuna mazungumzo ambayo kwenye simu hukatika katikati, na haya nataka uyasome mpaka mwisho. Mwenzangu wa kazini anakuja huko kumwona dada yake. Ndiye niliyempa bahasha, na nimemwomba aiweke mkononi mwako, asimwachie jirani.

Sisi huku hatujambo. Duka la dobi linakwenda. Mwajiri amenunua pasi mpya ya mvuke inayolia kama paka aliyekanyagwa mkia, na kila ikilia kuna mteja anayeruka. Mama macho yake yana nafuu kubwa. Yale matone yamemsaidia mpaka sasa anaona vumbi chini ya kabati, jambo ambalo limetuongezea kazi sote. Majirani wote wanajua kwamba matone hayo yanatoka kwako. Hachoki kulisema. Akiona mtu anapita dirishani anamwita ili amweleze.

Sasa nikusimulie yaliyompata Baba mkwe, kwa utaratibu, kama yalivyotokea.

Unamkumbuka. Dereva wa basi maisha yake yote, mstaafu sasa, mtu ambaye hata akitoka chooni anaangalia kushoto na kulia kabla ya kuvuka ukumbi. Tangu mama mkwe afariki anaishi nasi, chumba cha mbele kinachotazama barabara. Wakati tunahamisha vitu vyake tulikuta kopo la biskuti lililofungwa kwa mpira, na ndani yake kadi za wachezaji. Zamani zile, alituambia, ukinunua paketi ya chingamu unakuta kikadi kidogo chenye picha ya mchezaji wa mpira mbele, na nyuma maelezo yake: timu, namba, mabao. Vijana walikuwa wakizibadilishana barazani, na yeye alikuwa na karibu wote wa msimu mmoja. Shemeji yako akamnunulia albamu yenye mifuko ya plastiki. Mzee akazipanga moja moja, kwa vidole vilevile vilivyozoea usukani mkubwa, akishikilia kila kadi kwenye kingo tu.

Mifuko miwili ilibaki mitupu. Mmoja wa winga wa kushoto, na mmoja wa kipa. Huyo winga alimtaka ili kujaza nafasi tu. Kipa lilikuwa jambo jingine. Kipa huyo alikuwa akikaa mtaa mmoja nao, na jioni alikuwa akitoka na glovu zake kuwafundisha watoto kudaka mpira bila kuogopa. Alifariki angali kijana, na Baba mkwe anasema hajawahi kuona picha yake popote tangu hapo. Anaikumbuka sauti yake na anayakumbuka mabega yake, lakini uso umemtoka. Aliniambia hivyo huku akifuta kioo cha miwani, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa.

Basi akaanza kutafuta mtandaoni. Shemeji yako alimfundisha kutumia simu, na kusema kweli alifundishika haraka kuliko mimi. Akaingia kwenye soko la mtandaoni la watu wanaouziana kadi, akajiandikisha kwa jina la Breki, akawa kila siku anapitia picha. Na siku moja akamwona kipa.

Muuzaji alijiita Hazina ya Babu. Alikuwa na maneno mazuri. Alimwita "mzee wangu" katika kila ujumbe. Alieleza kwamba kadi ameikuta kwenye sanduku la marehemu babu yake, na kwamba yeye si mfanyabiashara, anataka tu iende kwa mtu atakayeitunza. Bei ilikuwa chini kidogo ya ile wanayouzia wengine kadi adimu za zamani. Kisha akasema kuna mtu mwingine anaisubiri, kwa hiyo mzee awahi. Na akasema kama mzee atalipa moja kwa moja kwa simu, bila kupitia pale sokoni, atampunguzia zaidi. Pale sokoni, nilikuja kujua baadaye, pesa ya mnunuzi hushikwa kwanza mpaka athibitishe kwamba amepokea alichonunua. Ndiyo maana mwizi hapapendi.

Baba mkwe alikuwa akidunduliza kwa ajili ya meno ya bandia. Upande wa kulia hana jino. Akayaahirisha meno, akalipia kadi kupitia wakala.

Sitaki nimdhulumu huyo muuzaji: kadi ilifika, kwa basi, kwa jina lilelile la Breki. Ilifika imefungwa vizuri, katikati ya vipande viwili vya kadibodi ngumu, na ndani ya kifuko. Mzee alituita sote ukumbini. Aliitazama, kisha akasema, "Ndiye." Mama naye akaishika karibu na pua yake akasema kijana alikuwa mzuri. Shemeji yako akapiga picha. Ile siku nzima mzee alikuwa akiimba bafuni, na sauti yake unaijua, ni ile ya kutangaza vituo.

Daktari wake wa meno ni mwanamke wa makamo, mchangamfu, na kumbe naye anakusanya kadi tangu akiwa shule. Mzee alipokwenda kumweleza kwamba meno yatangoja, akaibeba albamu ili amwonyeshe sababu. Mimi nilimsindikiza. Daktari alifurahi naye, akafungua ukurasa baada ya ukurasa, akafika kwa kipa. Akavuta ile taa ya kumulikia vinywa vya watu akaiinamisha juu ya kadi. Akamwomba ruhusa mzee aitoe, pamoja na kadi nyingine ya kawaida ya msimu uleule, akaziweka sambamba na kutupatia lenzi yake.

Picha ya kadi ya zamani, ukiitazama kwa lenzi, ni vinukta vinukta kama punje za mtama zilizomwagwa. Ya kipa ilikuwa laini, haina vinukta hivyo hata kimoja. Ukingo wa kadi ya zamani umegeuka manjano mpaka ndani. Wa kipa ulikuwa mweupe katikati, juu yake ndio umepakwa uchakavu. Pembe zilikuwa zimesuguliwa kwa msasa, zote nne kwa kipimo kimoja, wakati kitu kilichochakaa chenyewe hakichakai kwa usawa. Daktari alisema haya kwa upole sana, akimtazama mzee na si kadi.

Baba mkwe alicheka. Unajua kile kicheko cha mtu aliyeanguka mbele za watu? Hicho. Akamshukuru daktari, akaifunga albamu, na njiani akatembea mbele yangu peke yake. Tulipokaribia nyumbani akasimama akaniomba nisimwambie mwanawe. Aliniambia ameendesha basi miaka yote bila kumgonga hata kuku, na sasa amegongwa akiwa amekaa kwenye kiti chake.

Baada ya hapo albamu ikarudi juu ya kabati. Akawa anakula kidogo, na anatafuna upande mmoja, na mimi kila nikimwona anatafuna upande mmoja damu inanichemka. Nilikuwa nikipiga pasi mashati ya watu nikimfikiria huyo Hazina ya Babu, nikiomba siku moja aingie dukani na suruali yake.

Daktari hakutuacha. Alikuja nyumbani siku ya mapumziko, akakaa na mzee ukumbini, akamfundisha kama anavyofundisha watoto kupiga mswaki. Kwamba usiinunue picha, ununue kadi. Maana picha mtu anaweza kuichukua popote. Omba akupigie picha ya mbele, ya nyuma na ya kingo, kwenye mwanga wa mchana. Akikuharakisha, huyo mwache aende na haraka yake. Tazama amewauzia akina nani kabla yako na wamesema nini, na uwaulize. Pesa ipite pale pale sokoni, hata kama wanakata chao. Na mkiwa mji mmoja, mkutane mahali pa watu wengi, uishike kadi kabla hujalipa, na ubebe kadi nyingine ya msimu huo uilinganishe. Mzee alikuwa akiitikia kwa kichwa. Mwishoni akasema kumbe ni kama kununua gari, na hilo analijua. Ni kwamba hakufikiri kitu kidogo namna ile kinahitaji kufunguliwa boneti.

Kisha yule winga wa kushoto akajitokeza sokoni. Muuzaji alikuwa mwingine, jina jipya kabisa, lakini mzee alipomwandikia kumuuliza, jibu likarudi na "mzee wangu", na sanduku la marehemu babu, na mtu mwingine anayesubiri. Baba mkwe aliniita jikoni akanionyesha simu. Alinyoosha tu kidole kwenye yale maneno.

Nikamwambia aniachie mimi. Nilijiandikisha kwa jina la Pasi, nikajifanya mnunuzi. Nia yangu, nakwambia wazi, ilikuwa kumkamata. Daktari alisema soko lile huwa linafunga akaunti ya tapeli likipewa ushahidi, na polisi nao hutaka kitu cha kushika mkononi. Nikaomba picha ya nyuma. Akasema kamera ya simu yake inasumbua. Nikasema nitalipia sokoni. Akasema sokoni wanakata sana. Nikamwambia haya, nitalipa anavyotaka yeye, ila anitumie video fupi: aishike kadi mkononi, aigeuze mbele na nyuma, na ataje jina langu Pasi pamoja na siku ya leo, nijue kweli anayo. Nilidhani atakimbia.

Hakukimbia. Video ilikuja nikiwa dukani. Niliingia nayo nyuma, kule tunakotundika makoti, nikaitazama. Nikaitazama tena. Kisha nikakaa juu ya kapu la mashuka machafu, na mwajiri aliponiita nikaitika nikiwa bado nimekaa.

Jioni nilimwambia Baba mkwe neno moja tu, kwamba winga naye ni feki. Akafurahi. Akasema safari hii tumefunga breki mapema.

Mdogo wangu, sasa nikwambie nilichokiona.

Niliona kidole gumba cha mkono wa kushoto, chenye ukucha uliopasuka katikati. Ukucha ule naujua. Mlango wa stoo ulikubana ukiwa darasa la pili, nikakubeba mgongoni mpaka zahanati, na njia nzima ulikuwa ukiniuliza kama ukucha utaota mwingine. Nilijaribu kujiambia kwamba vidole vya namna hiyo ni vingi duniani. Halafu nikaisikia sauti ikitaja siku, ikasema "Pasi", na mwishoni kabisa ikakohoa. Kikohozi hicho ndicho nilichokuulizia hapo juu.

Hata hivyo sikutaka kukuhukumu kwa kidole na kikohozi. Nilimpigia mwenye kiwanda cha uchapaji unakofanyia kazi, nikasema nakutafuta. Alinijibu kwa heshima kwamba ulipunguzwa kazi muda mrefu uliopita, wewe na wengine, na kwamba mliagana vizuri. Akauliza unaendeleaje. Nikasema hujambo.

Basi nikaelewa matone yanatoka wapi. Usiku ule ule, hapana, ilikuwa jioni bado, Mama aliniita nimshikie kichwa wakati anatiwa dawa. Nilimshika. Alikuwa akisema, kama kawaida yake, mwanangu hajawahi kunisahau. Nilitazama ukutani.

Nimekukasirikia, sitakuficha. Nimekukasirikia kwa kuiba, na nimekukasirikia zaidi kwa kutosema. Ungesema kazi imekwisha, tungegawana matone, tungegawana na njaa. Nani alikuambia kwamba ili uwe mtoto wa Mama lazima utume kitu kila mwezi? Na katika kila ujumbe ulimwita "mzee wangu". Hukujua kwamba alikuwa mzee wako kweli. Ni yuleyule aliyecheza drafti nawe siku ya harusi yangu, akakuachia ushinde mbele ya watu ili usione haya kati ya wakwe.

Nilifikiri nifunike. Nilifikiri nimlipe mzee kidogo kidogo nikidai ni soko limerudisha. Nikaona nitakuwa nimejiandikisha Hazina ya Babu pamoja nawe. Kwa hiyo nilimwambia shemeji yako kwanza. Hakunifokea. Alitoka nje akaosha baiskeli iliyokuwa safi, akarudi akaniambia twende kwa baba pamoja.

Baba mkwe alikuwa anakunja nguo zake. Nilipiga magoti nikamweleza, na video nikamwonyesha. Aliendelea kukunja shati lilelile, akilikunjua na kulikunja upya. Kisha akauliza, "Kwani kijana alifukuzwa kazi?" Nikasema alipunguzwa. Akauliza sasa unaishi kwa nani. Nikasema sijui. Akasema kazi yenyewe ilikuwa safi, yule kipa, na kwamba mkono wa namna hiyo umekosa tu cha kufanya. Nikadhani amekusamehe, nikaanza kumshukuru. Akaniinulia kiganja, kama anavyosimamisha magari. Alisema hajafika huko. Anataka uje umtazame usoni. Anataka umlipe, polepole, kwa kazi ya halali, hata ikichukua muda mrefu. Na wale wengine uliowauzia, anataka uwaambie wote na uwarudishie, kwa sababu, alisema, "Mimi nina mkwe wa kunisaidia kufungua macho. Wao hawana."

Kwa hiyo ukikuta akaunti zako mbili zimefungwa, usimtafute mchawi. Ni mimi niliyeandika ripoti na kuambatanisha video, siku moja baada ya kuzungumza na mzee. Daktari wa meno naye anajua ni nani. Amekubali kungoja mpaka mwisho wa mwezi huu. Ukifika, tutakwenda naye tuone namna ya kuwapata wale wengine. Usipofika, ataipeleka ile video polisi, na mimi sitamzuia. Nimelia nikiandika hayo, lakini sikuyafuta.

Mama hajui. Sitamwambia, hilo ni lako. Matone tumeshayachukua mimi na shemeji yako, na tafadhali usitume kitu kingine mpaka ujue kimetoka wapi. Mwajiri wangu ana rafiki anayechapa lebo za chupa na mifuko, na anatafuta mtu anayejua mashine. Nilimwambia kwamba ninaye mtu, na kwamba ana jambo la kumaliza kwanza. Hakuuliza ni jambo gani, ila ukija utamweleza mwenyewe, maana sitaki uanze kwa kuficha tena.

Nisalimie wote walio karibu nawe, kama wapo. Mpwa wako anauliza mjomba atakuja lini. Mama anakusalimu tena, ingawa salamu zake zilishatangulia. Shemeji yako anasema nauli ukikosa, panda tu, atalipa utakaposhukia.

Ukifika usiende moja kwa moja chumba cha mbele. Pitia dukani kwangu kwanza, unawe uso, unywe maji. Halafu nitafunga duka mapema twende pamoja. Maneno utasema wewe, sitakusemea hata moja. Lakini nitakaa kiti cha pembeni yako, upande huohuo, mpaka umalize.

Ni mimi dada yako, anayekungoja.